Hedifoni za gemu za kompyuta kwa Sh. 12,000: ninunue zipi nikiwa hapa Lamu?

KijanaWaLangoni, Lamu

Salaam aleikum jamaa. Naomba ushauri wa wanaocheza gemu kwenye kompyuta, hasa mlio huku pwani mnaojua joto na chumvi yetu.

Kompyuta yangu ni ya mezani, nimeiunga kipande kwa kipande, na upande wa picha sina shida tena. Iliyobaki nyuma ni sauti. Baada ya Isha nacheza Counter-Strike 2, ile gemu ya timu za kupigana kwa bunduki, na wenzangu wa Mombasa na Malindi. Nikiwa peke yangu nacheza gemu za hadithi, zile za kutembea msituni ukasikia mvua inavyopiga majani. Hedifoni nilizo nazo ni zile za taa za rangi zinazouzwa kila duka la simu. Mito yake imebanduka ngozi, nikizivua magamba meusi yamenijaa masikioni hadi shingoni. Upande wa kulia hukatika mpaka niukunje waya na kuushikilia.

Hayo ningeyavumilia. Linaloniuma ni kwamba sijui adui anatokea wapi. Vishindo vya miguu navisikia, lakini havina upande. Juzi mwenzangu alikuwa ameshakufa kwenye raundi, akawa anatazama mchezo kupitia kwangu, mara akanipigia kelele: "Yuko nyuma yako, kushoto!" Yeye alikuwa anasikia sauti ile ile ninayosikia mimi. Ameujua upande, mimi sikuujua.

Nina Sh. 12,000. Nikijibana naweza kufika 15,000, lakini hapo iwe pamoja na maiki, maana lazima tuzungumze.

Mahali pangu pa kuchezea ni hapa Langoni, chumba cha juu kabisa, darini chini ya makuti. Kuta ni nusu, juu yake wazi, upepo unapita. Kusi ikivuma makuti yanachakarika usiku kucha. Orofa ya chini yangu analala bibi, na kati yetu hakuna mlango, ni ngazi na pazia tu. Usiku huniita akitaka maji au akitaka kushikwa mkono kwenda msalani, na sipendi aniite mara mbili. Kwa hiyo nataka nisikie adui akinyata ndani ya gemu, na nataka nimsikie bibi. Sijui kama hayo mawili yanapatana.

Naomba mnijibu: zile zilizoandikwa 7.1, yaani sauti ya pande zote, zinasaidia kweli kujua upande? Zenye waya au zisizo na waya? Na je, nibaki kwenye hedifoni za gemu kama HyperX Cloud II, au nichukue za kusikilizia muziki kama ninavyoona wengine wakishauri? Kadi ya sauti ya ziada sina, natumia matundu ya kompyuta yenyewe.


Nahodha_Muyeye, Malindi

Chukua Cloud II kijana, umalize. Mimi ninazo. Mimi huchezea sebuleni, watoto wakiangalia katuni, tuktuk zikipita dirishani, na bado namsikia mtu akibadilisha bunduki nyuma ya ukuta. Zimefungwa vizuri, kelele za nje zinabaki nje. Maiki inachomoka. Kwenye boksi kuna mito ya ngozi na mito mingine ya kitambaa cha mahameli, unachagua. Hizo za muziki zitakupeleka kwenye maiki ya pembeni, kisha adapta, kisha waya wa kuongezea, na meza yako itajaa nyaya.


FundiWaBarani, Malindi

Waaleikum salaam mwanangu wa Langoni. Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Barani. Siku hizi vijana wa gemu wananiletea hedifoni kuliko redio, kwa hiyo nimezifungua za kila namna na kuziona zinavyokufa. Nami hucheza pia, nikishafunga duka.

Nahodha hakukosea kuhusu Cloud II. Ni hedifoni imara, na asili yake ni nzuri: HyperX Cloud ya kwanza ilijengwa juu ya hedifoni za studio za Takstar, Pro 80, ndiyo maana sauti yake ilikuwa na adabu kuliko wenzake. Lakini Nahodha amejibu kwa ajili ya sebule yake. Wewe umemtaja bibi, na hapo kwangu mimi mjadala umepata kichwa chake.

Hedifoni ziko zilizofungwa mgongo na ziko zenye mgongo wazi. Zilizofungwa zina ganda zima nyuma ya spika: sauti haitoki, kelele haiingii. Zenye mgongo wazi zina wavu au matundu, hewa inapita. Ubaya wake ni kwamba aliye karibu nawe atasikia unachosikia, na wewe utasikia kilicho karibu nawe. Kwa mtu anayelala chumba kimoja na nduguze huo ni ugomvi. Kwako wewe, uliye peke yako darini, kuta nusu, bibi yuko orofa nzima chini, mlio utakaovuja hautashuka ngazi ukamwamsha. Lakini sauti yake akikuita itapanda. Halafu kuna jambo ambalo anayekushauri kutoka Nairobi hatalifikiria: joto. Zilizofungwa, mwezi wa Machi, upepo ukiwa umekufa, baada ya saa moja masikio yanachuruzika jasho. Mgongo wazi hupumua.

Na kuhusu kujua upande, zenye mgongo wazi kwa kawaida zina nafasi pana zaidi ya sauti. Sauti hazisongamani katikati ya kichwa. Gemu zako za mvua na msitu ndipo utakapoona tofauti, huenda kuliko hata kwenye Counter-Strike.

Sasa hii 7.1. Nimefungua hedifoni zenye maandishi hayo kwa herufi kubwa, na karibu zote ndani kuna spika moja kushoto na moja kulia, basi. Hizo "saba" zinatengenezwa na programu. Wala si dhambi, kwa sababu binadamu ana masikio mawili na anajua pande zote. Kushoto na kulia tunajua kwa kuwa sauti hufikia sikio moja kabla ya jingine, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa kuwa kichwa kinalikinga sikio la mbali. Mbele, nyuma na juu tunajua kwa mikunjo ya sikio lenyewe, ambayo hubadilisha sauti kidogo kulingana na inakotokea. Gemu ya kisasa inaweza kuyapiga hesabu hayo yote na kukupa masikioni, utaalamu huo wanauita HRTF. Counter-Strike 2 inao ndani yake, Valorant, gemu nyingine ya bunduki, nayo unaweza kuuwasha kwenye mipangilio. Gemu inajua adui yuko wapi hasa. Hedifoni za 7.1 hazijui, zinakisia kutokana na sauti ambayo imeshachanganywa.

Kwa hiyo usilipie 7.1. Na ukiwa nayo, izime unapocheza gemu yenye hesabu yake. Ukiziwasha zote mbili, au ukiongeza na Windows Sonic, ile sauti ya pande zote ya Windows yenyewe, juu yake, sauti inachakatwa mara mbili na upande unapotea kabisa. Nenda kaangalie leo kabla hujatumia shilingi: kama hizo hedifoni zako za taa zina programu yake ya 7.1 na imewashwa, sehemu ya shida yako iko hapo.

Jambo la pili linaloficha nyayo ni bezi, zile sauti nzito za chini. Hedifoni nyingi za gemu za bei ya chini zimejazwa bezi ili bomu likilipuka utetemeke. Bezi nyingi hufunika sauti ndogo za juu yake, na mchakato wa kiatu kwenye changarawe ni sauti ndogo. Hedifoni za muziki zenye sauti iliyonyooka zinakuachia hizo nyayo wazi.

Kwa pesa yako, mimi ningechukua Philips SHP9500. Mgongo wazi, spika za milimita 50, ukinzani wake wa umeme ni mdogo, omu 32, kwa hiyo kompyuta yako itaziendesha bila kikuza sauti chochote. Mito yake ni kitambaa, si ngozi bandia. Na waya wake unachomoka, una pini ya kawaida ya milimita 3.5 pande zote mbili. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nizitaje za kwanza.

Nikueleze kwa nini. Hapa pwani hedifoni haziuawi na spika. Zinauawa na waya, pini na mito. Waya wa hedifoni una nyuzi za shaba nyembamba kama unywele, zimepakwa rangi ya kuzitenga, mara nyingi nyekundu kulia, kijani kushoto, na humo ndani wameweka uzi wa nguo kuuimarisha. Ukikatika karibu na pini au pale unapoingia kwenye ganda, fundi asiyejua atazisokota na kuzibandika kwa risasi, na hazitashika, kwa sababu ile rangi ni kizuizi. Ni lazima uichome kwanza kwa ncha ya moto ya chuma cha kulehemu mpaka shaba ionekane. Kazi hiyo naifanya, na haipendezi, na waya uliounganishwa haurudi kuwa kama mwanzo. Hewa ya chumvi nayo ikiingia kwenye ufa wa waya, shaba inageuka kijani na kumeguka. Waya unaochomoka ukifa, unanunua mwingine kwa bei ya mlo wa mtu mmoja na unaendelea kucheza usiku huo huo.

Mito ndiyo hayo magamba yako meusi. Ngozi bandia ya polyurethane huvunjwa na unyevu na joto, jasho linaharakisha. Lamu ina yote matatu. Hata zikae kabatini zitabanduka, utachelewa tu kidogo. Kitambaa au mahameli hayabanduki, na mahameli yanayochomoka unayafua kwa sabuni nyepesi ukayaanika kivulini.

Ukizikosa hizo Philips, tazama Samson SR850, nusu wazi, omu 32, mito ya mahameli, na bei yake ni ya chini. Ila waya wake hauchomoki. AKG K240 Studio ni nusu wazi pia, omu 55, waya unachomoka lakini pini yake ya upande wa hedifoni ni ndogo ya kipekee, si ya dukani pa simu. Usivutwe na Beyerdynamic DT 990 Pro ya omu 250 hata ukiipata kwa mtu kwa bei ya huruma. Ni hedifoni nzuri sana, lakini tundu la kompyuta yako halitaipa nguvu ya kutosha, utatafuta kikuza sauti, na pesa haipo.


DadaWaShela, Lamu

Kaka wa Langoni, kuhusu zisizo na waya nikujibu mimi maana ninazo. Ziko mbili, usizichanganye. Zinazotumia kidude chake cha USB cha gigahezi 2.4 ni sawa kwa gemu, sauti haichelewi kiasi cha kuhisi. Za Bluetooth ndizo usinunue kwa kazi hii. Kwanza zinachelewa, unaona risasi kisha ndipo unaisikia. Pili, kwenye kompyuta nyingi ukifungua maiki yake tu, sauti yote inashuka inakuwa kama ya simu, kushoto na kulia vinakuwa kitu kimoja. Kwa mtu anayetafuta upande wa adui hapo mchezo umekwisha.

Mimi nilichukua za kidude kwa sababu huwa nainuka nikizungumza na wenzangu huku naangalia chungu jikoni. Lakini kwa 12,000 sehemu kubwa ya pesa yako itaingia kwenye betri na redio, sauti itapata kilichobaki. Na betri haipendi joto. Wewe unakaa palepale kwenye kiti, chukua waya.


KijanaWaLangoni, Lamu

Ami fundi, Mungu akuzidishie. Nimeenda kuangalia kama ulivyosema, 7.1 ya hedifoni zangu ilikuwa imewashwa na Windows Sonic pia. Nimezima zote. Sijasema nimepona, lakini kushoto na kulia sasa vinajitenga. Nyuma na mbele bado kunanishinda, na bezi ni kama ulivyoieleza.

Dada, nimekuelewa, za Bluetooth nimezifuta kwenye orodha.

Kuna muuzaji wa Nairobi ananitajia Sh. 9,500 kwa SHP9500 pamoja na kuzituma kwa basi. Kama ni hivyo nabaki na 5,500 kwa maiki. Je, inatosha? Na Nahodha kanitia wasiwasi na habari za nyaya na adapta.


MamaMuuguzi, Malindi

Wanangu, mimi sichezi hizo gemu, wanangu wa nyumbani ndio wachezaji, lakini ni muuguzi na kuna jambo nisiponena nitalala vibaya. Kijana amesema makuti yanachakarika usiku kucha wakati wa kusi. Akivaa hedifoni za mgongo wazi, hizo kelele zitaingia, na atakachofanya bila hata kufikiri ni kuongeza sauti.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5 kwa wiki nzima. Kijana anayecheza kila baada ya Isha mpaka usiku wa manane anazimaliza saa 10 kabla ya Ijumaa. Na sikio la ndani likifa halioti tena. Naona vijana wadogo wanakuja na mlio wa "nzii" usioisha, na sina dawa ya kuwapa.

Sikatazi. Nauliza: fundi, katika hali hiyo si bora zilizofungwa, asikilize kwa sauti ndogo?


FundiWaBarani, Malindi

Mama, shikamoo. Swali lako ni la haki na nimelifikiria kabla ya kujibu.

Kama kelele za nje zingekuwa za mwaka mzima na za sauti ya binadamu au injini, kama kwa Nahodha, ningesema zilizofungwa bila kubisha. Makuti ni mchakato laini, na kusi kali ina miezi yake. Kaskazi ni nyepesi. Zaidi ya hayo bado nina bibi mkononi. Kumfunga masikio kijana ambaye ndiye mwenye kuitwa usiku, mimi siwezi kumshauri. Lakini hoja yako haiondoki, kwa hiyo mwanangu wa Langoni fanya hivi. Usiku mmoja tulivu, upepo umelala, weka sauti mahali ambapo nyayo unazisikia na bado ukiitwa kutoka ngazini unasikia. Tia alama hapo, andika namba. Hiyo ndiyo dari yako. Usiku wa kusi, namba haipandi. Ukiona husikii vizuri, tundika mkeka au pazia zito upande wa upepo nyuma ya kiti. Na ukishindwa kabisa, usiku huo cheza gemu za hadithi, mashindano yatakuwepo kesho.

Maiki. Una njia mbili. Ya kwanza ni V-Moda BoomPro, ni waya wenye maiki ya mkono unaochomekwa badala ya waya wa SHP9500, kwa hiyo hedifoni inageuka kuwa ya gemu kamili na waya unabaki mmoja. Imeshawaridhisha watu wengi kwa hedifoni hizo hizo. Kama utaipata kwa hizo 5,500, chukua, Nahodha atakosa la kusema. Ya pili ni maiki ndogo ya kubana kwenye ukosi wa shati, ni rahisi sana, na ikiwa karibu na kidevu sauti inatoka safi. Darini kwako ivike kofia yake ya sponji, upepo ukipuliza kwenye maiki wenzako watadhani uko mashuani.

Hapa kwenye pini ndipo vijana wengi wanapopotea, wanarudi dukani wakisema maiki ni mbovu, na maiki ni nzima. Tazama pini, hesabu pete nyeusi. Pete mbili ni pini ya kawaida, inaingia tundu la kompyuta moja kwa moja. Pete tatu ni pini ya simu, sauti na maiki viko pamoja. Kompyuta yako ya mezani ina tundu la sauti mbali na tundu la maiki, kwa hiyo pini ya pete tatu inahitaji kigawanyi, kiwaya kifupi chenye tundu moja upande huu na pini mbili upande ule. Ni kitu cha bei ndogo na hata hapa Malindi kipo. BoomPro ina pete tatu. Maiki nyingi za kubana zinazouzwa kwa ajili ya simu nazo zina pete tatu. Hedifoni za SHP9500 peke yake, kwa waya wake wa boksini, ni pete mbili.

Ukichomeka mbele ya kompyuta ukasikia mvumo au mkwaruzo unaobadilika ukisogeza kipanya, hedifoni haina kosa. Waya unaotoka kwenye ubao mkuu wa kompyuta kwenda mbele unapita karibu na kila kitu humo ndani na unaokota kelele. Chomeka nyuma. Ikiendelea hata nyuma, tafuta kadi ndogo ya sauti ya USB.


Nahodha_Muyeye, Malindi

Fundi nimekusoma vizuri na kwa huyu kijana nakubali, habari ya bibi imenishinda. Lakini mimi nabaki na Cloud II zangu. Swali langu: waya wake hauchomoki, nifanyeje zidumu? Na mito ya ngozi ndiyo niliyoivalia mpaka sasa.


FundiWaBarani, Malindi

Nahodha, vua ngozi leo, vaa ile ya mahameli, utaona nafuu ya joto. Itapunguza kidogo uzuiaji wa kelele na bezi, lakini bado utakuwa umefungwa vya kutosha. Ngozi ihifadhi kwenye mfuko mkavu. Waya usiuzungushie kwenye hedifoni ukimaliza, ule mkunjo wa pale unapotoka kwenye ganda ndio unaokata nyuzi. Ukunje duara pana, uache ulegee. Mkivuta kiti kurudi nyuma, chomoeni kwanza. Waya wa Cloud huja na kisanduku cha USB chenye kazi yake ya 7.1. Kwa gemu yenye HRTF ndani, kibonye hicho kiache kimezimwa.

Kuhifadhi ni kwenu wote. Msitundike hedifoni dirishani panapoelekea bahari, hata kama panapendeza. Tafuteni kopo la plastiki la jikoni lenye mfuniko unaokaza, tieni ndani vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu, humo ndimo zikae mchana. Pini mzifute kwa spiriti na kitambaa kila mnapoona imepoteza mng'aro. Kazi ya dakika, na nusu ya "upande mmoja umekata" ninazoletewa ingekwisha hapo.

Na kabla ya kulipa, mwanangu wa Langoni, mwombe huyo wa Nairobi akupigie picha ya hedifoni yenyewe, si ya mtandaoni, ikionyesha lile tundu la waya chini ya ganda la kushoto na maandishi ya L na R. Bidhaa bandia ni nyingi. Kifurushi kikishafika Mokowe kikavushwa kwa mashua, kukirudisha ni safari ya peke yake.


KijanaWaLangoni, Lamu

Picha imekuja, tundu lipo, maandishi yapo. Nimelipa. BoomPro sijaipata kwa bei hiyo, nimechukua maiki ya kubana yenye kofia ya sponji na kigawanyi, na pete nimehesabu ni tatu. Nikizipokea nianze na nini ami?


FundiWaBarani, Malindi

Hongera. Ukizipokea, fungua mipangilio ya sauti ya Windows, hakikisha hakuna sauti ya pande zote iliyowashwa, kisha jaribu kushoto na kulia. Usifanye mchezo na hili, mtu anaweza kuvaa kinyume mwezi mzima.

Ingia Counter-Strike 2, kwenye sauti kuna EQ, yaani kisawazisha sauti, yenye chaguo tatu: Natural, Crisp na Smooth. Anza na Natural. Crisp inainua sauti za juu, nyayo zinajitokeza zaidi, lakini wengine inawachosha masikio, utasikiliza mwenyewe. Fungua mchezo wa mazoezi na roboti, silaha usishike, kaa pembeni ya ukuta, fumba macho. Ukisikia nyayo, nyoosha kidole unakodhani zinatoka, kisha fumbua. Rudia mpaka kidole kisikudanganye. Sikio linajifunza sauti mpya, lipe siku kadhaa kabla hujasema nzuri au mbaya.

Ikiwa bado unaona bezi inakusumbua, kuna programu ya bure, Equalizer APO. Shusha kidogo kila kilicho chini ya hezi 100, desibeli tatu au nne tu, na usiguse kitu kingine. SHP9500 kwa asili haina bezi nyingi, sidhani utaihitaji.

Maiki ibane upande wa pili wa shati, mbali na upepo unakotoka. Hedifoni zichomeke moja kwa moja kwenye tundu la kijani, nyuma ya kompyuta. Maiki iingie kwenye kigawanyi, na pini ya maiki ya kigawanyi kwenye tundu la waridi; pini yake ya sauti iache bila kuchomekwa. Kama sauti ya wenzako inasikika na yako haiwafikii, jaribu ile pini nyingine ya kigawanyi kwenye tundu la waridi kabla hujanipigia mimi au muuzaji.